Buluu ya Mlango wa Jiko

Laptopu ilianguka Jumatatu saa nne asubuhi, mchana kweupe, na kilichoiangusha kilikuwa kiwiko cha mama. Mchoraji alikuwa jikoni akichemsha chai. Alisikia kishindo, kisha kimya, kisha sauti ya mama yake ikisema polepole, kama mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa, "Mwanangu, nadhani nimeua kitu."

Haikufa. Ilipoinuliwa iliwaka vizuri tu, ila kioo kilikuwa kimepasuka kutoka pembe ya juu, na weusi umemwagika ndani yake na kukila karibu chote. Kilichobaki hai ni utepe mmoja upande wa kushoto, upana wa vidole vitatu, kutoka juu mpaka chini. Ndani ya utepe huo buluu ilikuwa bado inaonekana, imesimama wima kama mlango ulioachwa wazi kidogo.

Buluu hiyo ina habari yake, na bila habari hiyo hutaelewa kwa nini mwanamke wa miaka arobaini na moja alikaa chini sakafuni akalia kwa ajili ya kifaa.

Mama alifanya kazi miaka thelathini katika chumba cha rangi cha karakana ya vitambaa. Zamani, katika nyumba waliyokaa kabla barabara haijapanuliwa na nyumba kubomolewa, aliupaka mlango wa jiko rangi aliyoichanganya mwenyewe kutokana na mabaki ya mapipa. Hakuandika vipimo. Ilitoka buluu ambayo hakuna aliyeweza kuipa jina. Asubuhi ilikuwa nyepesi, jioni ikawa nzito, na mtoto aliyerudi shuleni akiwa na njaa aliiona tangu mwanzo wa kichochoro akajua amefika. Picha yake haikuwepo. Nani anapiga picha mlango wa jiko?

Sasa mama alikuwa na presha ya macho. Ugonjwa ulikuwa ukiyafunga macho yake kuanzia pembeni kuja katikati, na dunia yote aliyobaki nayo ilikuwa tundu moja mbele yake. Daktari alisema dawa zinachelewesha tu, na mwaka huu usingeisha tundu likiwa wazi. Mama alisikiliza, akashukuru, akafunga mkoba. Wakiwa njiani kurudi nyumbani akaomba kitu kimoja, naye si mtu wa kuombaomba: pazia la chumba chake, lenye buluu ya ule mlango, alione angali na tundu lake.

Binti yake ndiye aliyekuwa akiichorea karakana ileile maua na mistari ya vitambaa, kwa laptopu ileile, mwaka wa tisa sasa. Kwa hiyo walikaa mezani wiki tatu, bega kwa bega, mchoraji akisogeza rangi tone kwa tone, mama akitazama kupitia tundu lake.

"Bado," mama alisema.

Akaongeza.

"Bado."

Kwa kawaida mama hakuwa mgumu hivyo. Miaka yote alitazama mara mbili tatu, akasema "hapo," na kazi ikaenda. Safari hii wiki ya tatu ilikuwa imeisha, mchoraji mwenyewe aliiona buluu imefika, ni mlango wenyewe, unasikia mpaka harufu ya mkaa, na mama bado alisema bado. Halafu kiwiko kikaja kumaliza mazungumzo. Pazia lilipangiwa kuchapwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Baada ya hapo karakana ingefungwa miezi miwili kwa matengenezo, na miezi miwili kwa macho yale ilikuwa mbali sana.

Ungedhani basi mchoraji angetafuta mashine nyingine siku ileile. Thubutu. Watu walikuwa wamemshauri miaka mingi abadilishe laptopu, mama akiwa wa kwanza, na jibu lake lilikuwa moja: "Tunajuana." Rangi zote alizozijua duniani alizijua kupitia kioo kile. Nyekundu yake ilikuwa nyekundu ya pale. Alichotaka ni kioo kingine kilekile, basi.

Na kwa haraka zake akafanya kosa. Aliigeuza laptopu, akasoma jina na namba iliyobandikwa chini, akaenda mtaa wa maduka ya simu na kompyuta akanunua kioo cha jina hilo. Jumanne mchana alikipeleka kwa fundi, amekikumbatia kifuani kama mtoto aliyelala.

Fundi huyu aliitwa Taratibu, na hakuna aliyemwonea kwa jina hilo. Duka lake lilikuwa chumba kirefu chembamba chenye dirisha moja upande wa nyuma, na kutani vilining'inia vioo, vizima na vibovu, vikiwa vimezimwa. Mwanga wa dirisha ulivipitia kimoja kimoja, ukabadilika kidogo kila ulipopita, na mtu aliyesimama mlangoni alijiona yuko ndani ya maji yaliyotulia. Mchoraji alisimama hapo kitambo akasahau alichokuja kusema.

Fundi alikitazama kioo alichopewa, mbele, nyuma, ubavuni. Akakirudisha.

"Hiki si chake, dada."

"Jina ni lilelile. Nimesoma mwenyewe."

"Jina ni la mashine. Kioo ni mtu mwingine." Akavuta kiti. "Kiwanda kinatengeneza mashine elfu za jina moja, wanazitia vioo vya watu watano tofauti, chochote kilichofika asubuhi hiyo. Mama mmoja, baba mbalimbali. Wewe umeangalia mama. Hiki plagi yake ina pini arobaini. Nikikadiria kwa umri wa mashine, chako kina thelathini."

"Sasa kinajulikanaje?"

"Kinasomwa mgongoni. Kwanza tunamtoa mgonjwa, tunamlaza kifudifudi, tunasoma. Kabla ya hapo mimi sinunui hata skrubu."

Akaanza kazi, na jina lake likaonekana lilipotoka. Alizungukia ukingo wa fremu kwa kadi ngumu ya plastiki, akitega sikio kila kibanio kilipoachia. Skrubu alizipanga juu ya karatasi kwa umbo la laptopu, kila moja mahali pake, kusiwe na kubahatisha wakati wa kurudisha. Alipokilaza kioo kifudifudi na kubandua gundi, ilionekana karatasi ndogo nyeupe yenye msururu wa herufi na namba. Aliusoma kwa sauti mara mbili, mchoraji akauandika kwenye kiganja cha mkono.

Usiku ule mchoraji aliota anatembea katika kichochoro cha milango, yote imemgeuzia mgongo. Hakushangaa, katika ndoto milango ina migongo. Aliigusa mmoja mmoja akitafuta karatasi nyeupe.

Ijumaa kioo cha pili kikafika kutoka kwa wauzaji wa fundi. Namba zilifuatana vizuri mpaka herufi ya mwisho, na herufi ya mwisho ndiyo iliyoharibu. Plagi iliingia, kioo kikawaka, lakini kilikuwa cha kung'aa. Mchoraji aliinama atazame maua yake, akaona paji la uso wake mwenyewe, dari, na taa ya fundi ikielea katikati ya bustani.

"Wengine wanakipenda," fundi alisema. "Unajichana nywele hapohapo."

"Mimi nachora rangi, fundi. Nikijiona ndani yake nitachora uso wangu."

Fundi alikubali kwa kichwa, akakichomoa. Kuna mafundi wangekuwekea hicho, wakakuambia utazoea. Huyu alikaa akakitazama kiganja cha mchoraji, ambapo namba ilikuwa imefifia kwa kuosha vyombo.

"Wauzaji wameishiwa," alisema mwishowe. "Kioo hiki hakitengenezwi tena. Kama kipo, kipo kwa marehemu."

Marehemu walikuwa mwisho wa chumba, kando ya dirisha: laptopu zisizopona, zimepangwa mpaka darini kama matofali. Jumamosi hawakumaliza safu mbili. Jumapili fundi alipumzika, mchoraji hakupumzika; alikaa nyumbani akiutazama ule utepe wa vidole vitatu. Fundi alikuwa amemrudishia kioo kilichovunjika mahali pake, kwa huruma tu, asikae bila chochote. Mama alikaa naye, akautazama pia.

"Hivi ndivyo ninavyoona mimi," mama alisema. "Ila changu kiko katikati."

Mchoraji aliushika mkono wa mama, akaushikilia mpaka chai ikapoa.

Jumatatu na Jumanne walirudi kwa marehemu. Fundi alifungua vifuniko, mchoraji akasoma migongo, namba ameiandika upya kiganjani. Jua la alasiri liliingia kwa dirisha lile moja, vumbi likasimama hewani, na namba zikaanza kumwimbia kichwani bila maana, kama anavyohesabu mtu aliye karibu kusinzia. Kila mashine ilikuwa na kitu cha mwenyewe: kibandiko cha ua, jina la mtoto lililoandikwa kwa wino, punje za sukari. Kulikuwa na moja ambayo vitufe vyake vilifutika herufi zote isipokuwa herufi moja isiyotumiwa na mtu. Mchoraji alihisi anapita nyumba za watu waliohama wakaacha taa zikiwaka. Alipenda kuwa pale. Aliona haya kidogo kupenda, mama akiwa nyumbani anangoja.

Jumatano saa tisa alasiri alisoma namba, akasita, akakitazama kiganja chake. Akasoma tena.

"Fundi."

"Mpaka herufi ya mwisho?"

"Mpaka herufi ya mwisho."

Ilikuwa laptopu ya karani mmoja wa mahakama aliyeimwagia chai wiki ya kwanza aliyoinunua, hakuirudia tena. Mwili ulikufa, kioo hakikuguswa na tone. Fundi alikihamisha kwa muda wa saa nzima, akarudisha kila skrubu kwenye tundu lake, akawasha. Kwanza akakijaza nyekundu, kisha kijani, kisha buluu, kisha nyeupe, akitafuta doa. Hakukuwa na doa. Nyeupe ilikuwa nyeupe mno, kiasi kwamba mchoraji alifumba macho.

Alifika nyumbani magharibi, akala wima, akafungua faili ya pazia.

Haikuwa buluu ya mlango. Mezani ilimkalia zambarau, nzito, yenye wekundu kwa ndani, rangi ya damu iliyovilia chini ya ngozi. Akafungua kazi nyingine. Bahari yake ilikuwa zambarau. Kivuli cha majani, zambarau. Alizima, akawasha. Mama alikuwa amelala tayari, na mchoraji alishukuru kwa hilo.

Alhamisi asubuhi alikuwa mlangoni kwa fundi kabla kufuli halijatoka.

"Umenipa kioo kibovu," alisema, na safari hii sauti ilimpanda. "Kesho ni Ijumaa, fundi. Mama yangu ana tundu tu limebaki. Kimeziharibu rangi zangu zote."

Fundi hakukasirika. Alikichukua kile kioo cha zamani kutoka kwenye kasha lake, akakiunganisha kwa waya kando ya kipya, utepe wa vidole vitatu ukawaka. Akavijaza vyote viwili nyeupe. Kisha akachukua karatasi safi akaisimamisha katikati yao.

Kioo kipya na karatasi vilifanana. Utepe wa zamani ulikuwa wa manjano, manjano ya meno ya mvuta sigara.

"Kioo kina taa kwa nyuma," fundi alisema kwa upole. "Zinazeeka, na zikizeeka zinageuka manjano. Kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Umezeeka nazo, hukuona. Buluu ilikuwa ikififia, na wewe ukawa unaisukuma iende mbele, ukiongeza zambarau bila kujua. Kioo hiki ni kilekile, dada. Ni kilekile, ila kijana."

Mchoraji alikaa kwenye kiti bila kuambiwa. Kazi ya miaka, watu wamevaa, wamejitanda, wametundika madirishani. Kisha akagusa shingo yake. Alikuwa amejifunga skafu, kazi yake ya mwaka uliopita. Aliifungua, akaitandaza mbele ya laptopu, akafungua mchoro wa skafu hiyohiyo.

Mchoro ulikuwa zambarau. Skafu ilikuwa buluu safi, jinsi alivyoiona akilini alipoichora.

"Sasa hii imepitaje?" aliuliza.

"Hilo," fundi alisema, "muulize aliyeipika."

Aliyepika rangi za karakana alikuwa mzee mmoja mwenye mikono ya kijani hadi kwenye viwiko, ambaye mchoraji alimwita mjomba tangu utotoni kwa sababu alikuwa kibarua pamoja na mama. Alimkuta anakoroga pipa kwa mti mrefu, mvuke umemfunika hadi kiunoni. Mchoraji alitandaza skafu mbele yake akamweleza yote kwa pumzi moja.

Mjomba aliacha kukoroga. Aliuegemeza mti ukutani, akajifuta mikono, akachelewa kuifuta.

"Alisema nisikuambie," alisema. "Lakini alisema pia, siku ukiuliza nisikudanganye."

Akafungua kabati, akatoa kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na vipande vya kitambaa, sampuli za kwanza za kila kazi ya mchoraji, ambazo karakana huzituma nyumbani zikubaliwe, na mama ndiye aliyekuwa akizipokea. Kila kipande kilitobolewa pembeni na uzi mwekundu, na kwenye uzi mlikuwa na mafundo. Mchoraji aliyajua mafundo yale. Katika chumba cha rangi, enzi za mvuke mzito na kelele za mashine, watu hawakuitana wala hawakuandika, maana karatasi ililowa, walifunga uzi. Fundo moja, punguza wekundu kidogo. Mawili, punguza zaidi. Fundo na kitanzi, ongeza maji.

"Miaka minne sasa," Mjomba alisema. "Anazipokea yeye, anakuambia ziko sawa. Kwangu anazirudisha na mafundo. Mimi napika kwa uzi, sipiki kwa kompyuta yako. Mwanzo fundo moja. Baadaye mawili. Mwaka huu yalifika matatu."

Mchoraji alivishika vile vipande mkononi, vikawa vyepesi kama si kitu. Alimwona mama akivuka barabara na kipande kwenye mkoba, akisema anakwenda kununua chumvi. Chumvi ilikuwa imejaa nyumbani.

"Na hii ya pazia?"

"Ya pazia hakuleta. Alikuja mwezi uliopita, mikono mitupu. Akasema mafundo ya mwisho amefunga mwaka huu, sasa hayaoni vizuri. Akasema hii ya mlango utaipika wewe mwenyewe."

Nyumbani mama alikuwa amekaa mahali pake mezani, uso kwenye dirisha. Mchoraji aliweka kopo mbele yake. Mama hakuhitaji kuliona. Aliligusa, akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo kwa aibu.

"Yule mzee hana siri," alisema.

"Mama, kile kiwiko."

"Kiwiko gani?"

"Cha Jumatatu ile."

Mama alikivuta kiwiko chake kwenye tundu, akakitazama kama amekutana nacho sasa. "Kina miaka sabini na moja," alisema. "Hakijawahi kuangusha hata kijiko."

Nje mtu alikuwa anafagia.

"Ulikuwa unafurahi na kazi yako," mama alisema. "Na mimi nilikuwa na macho. Sikuona sababu ya kukutia wasiwasi. Halafu macho yakaanza kuondoka, na nikawaza, nitamwacha mtoto na kioo kinachomdanganya, na hakuna wa kufunga uzi. Ningekuambia ubadilishe, ungebadilisha?"

"Hapana."

"Nilikuambia mara ngapi?"

"Kila mwaka."

"Basi. Ilibidi tuumizane." Akapapasa meza mpaka akaupata mkono wa binti yake. "Nilikiogopa kile kishindo. Nilidhani nimeua kweli."

Mchoraji alilia, na safari hii hakulilia kifaa. Kisha akanawa uso, akafungua faili, akaivuta laptopu katikati yao. Alianza kuirudisha buluu nyuma, kutoka kwenye ile zambarau iliyovilia, tone kwa tone. Alisubiri kusikia "bado." Hakulisikia. Aligeuka akaona mama amefumba macho makusudi, mikono mapajani.

"Hutazami?"

"Endelea tu."

Akaendelea. Wekundu ukapungua, ukapungua tena. Alirudi nyuma kupita alipopajua, kupita kazi za mwaka huu na za mwaka juzi, mpaka akaingia katika kichochoro, ana njaa, mkoba wa shule unampiga mgongoni. Tone moja zaidi. Alizidisha, akarudisha nusu. Kidole chake kikasimama chenyewe.

"Hapo," alisema.

Ndipo mama akafumbua macho. Alisogeza kichwa kushoto, kulia, akiitafuta kwa tundu lake, akafika. Akakaa hapo muda mrefu, hakupepesa. Kisha akanyoosha mkono, na kwa fundo la kidole akagonga kioo mara mbili, taratibu.

"Hodi," alisema.

"Karibu, mama."

Mchoraji aliihifadhi rangi, akaisukuma laptopu mpaka katikati kabisa ya meza, mbali na kiwiko.